Hewa Ndani ya Bomba la Moshi

Mashine ya kusaga ya dada yangu imeegemea ukuta wa nyumba yake, nje kidogo ya Ihanja, na haikuwekwa hapo kwa bahati. Mama yetu hatoki kitandani. Dada humimina mtama wa mteja kwenye mashine, akiona umeanza kushuka vizuri huingia chumbani kumgeuza mama au kumpa uji, kisha hurudi kabla debe la unga halijajaa. Mlango wa mashine na mlango wa mama inatazamana ndani ya ua mmoja. Kwa hiyo siku serikali ya kijiji ilipomwambia aihamishie mashine ng'ambo ya barabara kuu, hakulia wala hakubishana. Alinipigia simu mjini Singida akasema, "Mdogo wangu, wanataka nichague kati ya mama na injini."

Sababu yao ilikuwa ya haki, na napenda niseme hivyo tangu mwanzo. Kijiji kilikuwa kimepata zahanati, na chumba cha kliniki ya wajawazito kilijengwa upande uleule ambako bomba la moshi la dada linatokeza juu ya bati. Umeme wa kuendesha mota kubwa ulikuwa bado haujafika upande wetu. Injini ya dada ni ya dizeli, ya silinda moja, ya zile za kizamani zenye gurudumu zito la chuma. Haingurumi kama gari. Inapiga, pigo moja moja, na kila pigo unalisikia kifuani kabla ya kulisikia masikioni.

Muuguzi wa zahanati ana kile kifaa kifupi kama tarumbeta, anachokiweka juu ya tumbo la mjamzito na kutega sikio ili asikie moyo wa mtoto. Moyo wa mtoto na injini ya dada vilikuwa vinashindana.

"Mama huyu nimempima mara mbili," muuguzi alimwambia dada siku moja, "na mara zote mbili nimesikia ana mimba ya mashine yako."

Walicheka wote wawili. Lakini muuguzi alipeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa kijiji, na ulikuwa wajibu wake kuyapeleka.

Mimi ni fundi wa friji. Niliishia kidato cha nne. Mtu anayeshika gesi kila siku kwa miaka mingi huanza kujiuliza maswali. Kwa nini gesi ikipenya kwenye tundu dogo hupoa hadi bomba likaota barafu? Kwa nini valvu ikifunguliwa ghafla hupiga mlio mmoja mkali, ndipo ufuate mvumo? Vitabu vya ufundi vilinijibu nusu. Nusu ya pili nilianza kuitafuta kwenye simu, halafu kwenye kompyuta ya mtumba ambayo baadhi ya herufi zake zilikuwa zimefutika kwa vidole vya mtu nisiyemjua. Nilirudia hesabu niliyoikosa shuleni, sura moja na mazoezi yake yote, ndipo sura inayofuata. Nilijifunza kuandika programu. Walimu wangu walikuwa watu wa mbali walioacha masomo yao wazi kwa yeyote mwenye subira.

Mafundi wenzangu walikuwa wakinichungulia kibandani wakati wa mapumziko, nikiwa nimeinamia michoro yangu.

"Leo unahesabu upepo wa wapi, wa Mandewa au wa stendi?"

"Wa ndani ya bomba."

"Afadhali. Huo wa nje hauna mwenyewe."

Swali nililokuwa nimelishika lilikuwa moja: hewa inayobanwa na kuachiwa ndani ya bomba inaendaje? Ukisukuma maji upande mmoja wa bomba yanatoka upande wa pili karibu papo hapo, kwa sababu maji hayakubali kubanwa. Hewa hukubali. Ukiisukuma hujikunja kwanza, hupata joto, kisha ndipo husukuma ile iliyo mbele yake, na habari ya msukumo husafiri kwa kasi ya sauti, si zaidi. Kanuni za mwendo huo zinajulikana tangu zamani, ila ni mifano michache tu inayoweza kumalizwa kwa kalamu. Iliyobaki yote lazima ikadiriwe kwa namba.

Njia yenyewe ni hii. Unaligawa bomba katika vyumba vidogo vilivyopangana. Katika kila chumba unaweka kumbukumbu ya mambo matatu: hewa iliyomo ni kiasi gani, inakwenda kwa nguvu gani, na ina nishati gani. Kisha unakwenda kusimama milangoni. Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu, mpaka siku nilipoyafikiria kama nyumba kumi za balozi. Ukitaka kujua idadi ya watu katika kila nyumba, huna haja ya kuingia vyumbani kila dakika na kuamsha waliolala. Simama mlangoni. Aliyetoka nyumba hii ameingia nyumba ya pili, hakuna anayepotelea ukutani. Hewa nayo ni hivyo. Ukihesabu milangoni kwa uaminifu, jumla haiwezi kukudanganya.

Tena usiwe na haraka. Kila hatua ya hesabu iwe fupi kiasi kwamba habari haiwezi kuvuka zaidi ya chumba kimoja. Habari ikiruka nyumba, programu huanza kusema mambo yasiyowezekana. Yangu ya kwanza ilinipa hewa yenye uzito ulio chini ya sifuri, na niliikodolea macho namba ile kama mtu aliyeonyeshwa mbuzi mwenye miguu mitano.

Kazi ngumu kuliko zote ni pale presha inapopanda ghafla, kama ukuta unaotembea ndani ya bomba. Hesabu ya kivivu huuyeyusha ukuta huo ukawa mteremko. Hesabu iliyonolewa kupita kiasi huuzulia mawimbi mbele na nyuma yake, mawimbi ambayo hewa ya kweli haina habari nayo. Ufundi ni kuinoa hesabu mahali hewa ilipotulia na kuikanyagia breki mahali ukuta ulipo. Kuna jaribio ambalo kila mtu wa kazi hii hulipitia: bomba lenye kiwambo katikati, presha kubwa upande mmoja, ndogo upande wa pili, kiwambo kinapasuliwa. Jibu lake kamili linajulikana, kwa hiyo huwezi kujipendelea. Alasiri moja mstari wangu ulilala juu ya mstari wa jibu, ukuta ukiwa umesimama wima, bila wimbi la uongo hata moja. Niliifunga kompyuta, nikaenda kununua mishikaki, nikaila taratibu peke yangu. Hapakuwa na mtu wa kumweleza akaelewa, na hilo halikunipunguzia kitu.

Basi dada aliponipigia simu, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba bomba lake la moshi nalifahamu. Sijawahi kulipima, lakini nalifahamu. Ni vyumba vilivyopangana, upande mmoja kuna valvu ya injini inayofunguka na kufunga, upande wa pili kuna anga.

Nilipofika kwake nilikuta jirani mmoja, fundi wa pikipiki, amekwisha kujaribu kusaidia. Alikuwa ameligeuza bomba likashuka kwenye shimo lililojazwa mawe, njia ambayo wengi huitumia, maana mawe hatujawahi kuyakosa. Kelele ilikuwa imepungua kweli. Injini nayo ilikuwa inatapika moshi mweusi na kuzimika kila ikipewa mahindi makavu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na kompyuta au umekuja na akili?"

"Nimekuja na vyote viwili."

"Basi kompyuta iweke kwa mama, ushike koleo."

Tulilifukua shimo pamoja na yule jirani. Hakuona aibu, na hakuwa na sababu ya kuona aibu, kwa sababu wazo la kumeza kelele ardhini lilikuwa wazo zuri. Tatizo lilikuwa mawe. Kila pumzi ya injini ilifika kwenye mawe ikagonga, ikarudi kama presha juu ya valvu, na injini ikalazimika kupumua moshi wake yenyewe. Nilimwonyesha mchoro kwenye kompyuta, mstari mwekundu ukipanda na kurudi.

"Kwa hiyo nimemkaba koo," alisema.

"Kidogo."

"Mbona hakusema?"

"Alikohoa," dada alijibu kutoka ndani.

Siku ile nilipima kila kinachopimika: urefu na upana wa bomba, ukubwa wa silinda, na mahali gurudumu linapokuwa limefika valvu ya moshi ikifunguka na ikifunga, ambapo niliweka alama kwa chaki. Joto la bomba nililipima kwa kile kipima joto changu cha kazi ya friji, sehemu baada ya sehemu, mashine ikiwa inasaga kwa uzito wake wote. Joto ni jambo la kwanza mtu asilolifikiria. Sauti hukimbia zaidi ndani ya moshi wa moto kuliko hewani, na anayetumia kasi ya hewa ya kawaida atakosea kila urefu atakaoukata.

Kisha nikarudi mjini, nikakaa na programu. Nilitaka kitu kimoja kifanye kazi mbili zinazogombana: kilinyamazishe pigo bila kuikaba injini. Nilijaribu mabomba marefu, mafupi, yenye chumba kimoja, yenye vyumba viwili. Jibu nililolikubali lilikuwa la kawaida kwa macho. Bomba fupi kutoka kwenye injini, liingie kwenye pipa la mafuta lililozikwa, na kutoka kwenye pipa litoke bomba jembamba zaidi, la urefu niliouchagua, lipande ukutani hadi juu ya bati. Nilimweleza dada kwa mfano wa kazi yake. Yeye humimina debe zima kwa mkupuo kwenye kapu la juu la mashine, lakini mtama hushukia kwenye nyundo kwa mkondo mwembamba. Pipa lilitakiwa kuufanyia moshi vivyo hivyo.

"Na likijaa?"

"Halijai, dada. Mkondo unaendelea kutoka mpaka pigo linalofuata."

"Umelijaribu?"

"Kwenye hesabu."

Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayesema mtama wake hauna mchanga.

Tulilizika pipa, mchomeleaji akaunga, bomba la mwisho nikalikata mwenyewe kwa msumeno. Kopo la zamani lililobaki mdomoni mwa bomba la awali nililing'oa pamoja na vipande vingine chakavu. Dada aliwasha injini, akafunga mkanda, akamimina mahindi. Moshi ulitoka mwepesi. Ndani ya chumba cha mashine kelele za nyundo zilikuwa zilezile, lakini nilipokwenda kusimama kwenye ukuta wa zahanati nilisikia kuku na sauti ya mtu akiuliza foleni. Pigo lile la kifuani halikuwepo. Muuguzi alitoka mlangoni, akasimama, akaangalia upande wa mashine, akaniangalia mimi.

"Amezima?"

"Anasaga."

Nilirudi mjini nikiwa nimekaa wima kwenye basi.

Furaha ile haikudumu. Siku chache baadaye mwenyekiti alinipigia simu. Alisalimia vizuri, akauliza hali ya kazi, kisha akasema muuguzi anasema kelele zimerudi. Si kama mwanzo, ila kuna mvumo unaomsumbua palepale anapotega sikio. Kamati ya kijiji ilikuwa imekubaliana kwamba siku ya kliniki inayofuata watakaa wasikilize mashine ikiwa inasaga. Muuguzi akisikia moyo wa mtoto, mashine inabaki. Asiposikia, inavuka barabara.

"Sisi hatumchukii dada yako," mwenyekiti alisema. "Lakini mtoto hawezi kuja kwenye mkutano kujitetea."

Nilimwomba muuguzi anirekodie mvumo huo kwa simu, akiwa amesimama pale anapopimia. Alinitumia siku hiyohiyo. Kulikuwa na sauti ya mwanamke anayekohoa, pikipiki ikipita barabarani, na chini ya hayo yote, mvumo.

Niliiingiza ile rekodi kwenye kompyuta na kuiweka kando ya sauti ambayo programu yangu ilisema itoke. Bomba lolote lililo wazi pande zote mbili lina noti yake, kama filimbi, na noti hiyo inategemea urefu wa bomba na joto la moshi uliomo. Noti ya bomba langu nilikuwa naijua. Ile ya kwenye rekodi ilikuwa nzito mno, karibu nusu ya yangu.

Hapo mtu ana njia mbili. Anaweza kusema hesabu ni kitu cha vitabuni na bomba ni kitu cha kweli, akaachana nayo. Au anaweza kuiamini hesabu kiasi cha kuuliza: kama wewe uko sahihi, ni nini kimebadilika kule? Nilichagua ya pili, nikaenda hatua kwa hatua. Huenda moshi umepoa? Ili noti ishuke kiasi kile, moshi ungepaswa kuwa baridi kuliko friji yoyote niliyowahi kuitengeneza. Huenda bomba ni refu kuliko nilivyoandika? Nililikata kwa mkono wangu. Huenda pipa limetoboka? Pipa lililotoboka lisingeigeuza noti ya bomba la mwisho namna ile, lingeongeza tu sauti nyingine. Kilichobaki ni mlango wa mwisho kabisa, ule wa anga.

Wimbi la presha likifika kwenye mdomo ulio wazi, hutoka nje, na nyuma yake hurudi wimbi la kulegea, linalovuta. Likikuta mdomo umezibwa, hurudi lilivyokwenda, likisukuma. Bomba lililozibwa upande mmoja huimba karibu nusu ya noti yake. Kwenye programu nilianza kuupunguza mdomo. Robo ukiwa umezibwa, noti ilishuka kidogo tu. Nusu, bado. Nilipouacha mwanya mwembamba, mvumo wa programu na mvumo wa muuguzi ulikaa pamoja, kilele kwa kilele.

Nilimpigia dada.

"Shikamoo, dada. Kuna kitu mdomoni mwa bomba."

"Marahaba. Kitu gani?"

"Sijui ni nini. Najua kimeziba sehemu kubwa, na kimeacha mwanya."

"Nani amekwambia? Ni huyu jirani wa pikipiki."

"Hakuna aliyeniambia. Ni hesabu."

"Hesabu ina macho?"

"Nesi alinitumia sauti. Nimesikia kwenye sauti."

"Wewe uko Singida, umesikia kopo lililoko Ihanja?"

"Sijasema kopo, dada."

Akageukia Kinyaturu, kama afanyavyo anapokamatwa, na yale aliyosema hayana haja ya kuandikwa. Nilimwacha amalize. Alipomaliza alirudi kwenye Kiswahili, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sikiliza na wewe. Watu wanapita barabarani na madebe kichwani wanakwenda kwa mwingine. Nawauliza, wananiambia, tulidhani mashine imekufa. Mashine isiyolia ni maiti, mdogo wangu. Unaipambia pipa, lakini ni maiti."

Asiyeishi vijijini kwetu anaweza asielewe. Kila mwenye mashine huvisha kopo lililotobolewa ubavuni kwenye mdomo wa bomba, ili injini ipate sauti ya kuita. Mwanamke akiwa shambani, akiisikia, anajua mashine ya fulani imewaka leo, ina mafuta, abebe debe lake aende. Kila mashine ina sauti yake, na sauti ya dada ilijulikana hadi vitongoji vya mbali. Mimi nilikuwa nimelitazama kopo lile kama uchafu mdomoni mwa bomba. Yeye alikuwa amelitafuta kopo jingine, akalitoboa kwa msumari, akapanda juu ya bati mwenyewe, ili aitwe jina lake tena.

Sitaficha kwamba, pamoja na kumsikitikia, nilikuwa na fahari iliyonijaa hadi nikasimama kibandani. Mtu mmoja alikuwa ameweka kopo juu ya bomba katika kijiji ambacho sikuwepo, hakumwambia mtu, na namba nilizozipanga kwa mkono wangu zilikuwa zimeniambia. Wala hazikubahatisha. Zilisema ni mdomoni, zikasema na ukubwa wa mwanya. Nimetengeneza friji nyingi za watu, na nashukuru kwa zote. Hili lilikuwa la namna nyingine.

Lakini dada alikuwa bado anasubiri kwenye simu, na kwenye vyumba vyangu vyote vya hesabu hapakuwa na njia ya kuwaita wateja wake.

"Ukiliacha kopo, mashine inavuka barabara," nilimwambia. "Ukilitoa, wateja hawajui kama umewasha. Mimi naweza kusaidia la kwanza tu."

"Najua," alisema. "La pili niachie."

Alichofanya ni hiki. Upande wetu ni tambarare, na mti mrefu ni mmoja mmoja. Alisimamisha mti mkavu kwenye kona ya ua, akapiga mbiu kwa wateja wake wa zamani, nyumba hadi nyumba na kwa simu, kwamba bendera ikiwa juu mashine inasaga, ikishuka imezimwa. Bendera ya kwanza ilikuwa kipande cha kanga. Mwenyekiti alifika kabla ya jua kupanda.

"Dada, hiki ni chama gani?"

"Chama cha unga."

"Sifanyi mzaha. Hii ina kijani, na huku kuna watu wa rangi nyingine, wataniuliza. Kesho mtu atapandisha yake."

"Nipandishe ya bluu?"

"Dada."

"Nyekundu?"

"Pandisha rangi isiyopiga kura."

Akapandisha kiroba cheupe cha unga, kilichofunguliwa mshono. Kinaonekana kutoka barabarani na kutoka mashambani pande zote, na upepo wetu haukiachi kilale.

Siku ya kliniki nilikwenda mapema. Kopo lilikuwa limeshuka. Nilipanda juu ya bati nikahakikisha mwenyewe, nikapitisha mkono wangu juu ya mdomo wa bomba kabla injini haijapata moto. Dada aliweka watu wenye mahindi makavu mbele ya foleni, kwa makusudi, ili injini ipewe mzigo wake mkubwa na mtu asije akasema ilibembelezwa. Jirani wa pikipiki alikaa kwenye injini. Mwenyekiti na wajumbe wawili walisimama kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati, nami pamoja nao. Wanawake wa kliniki walikuwa kwenye mabenchi, wakituangalia kama watu waliopotea njia.

Muuguzi aliita wa kwanza, akafunga mlango.

Tulisubiri. Mjumbe mmoja alitaka kuzungumza, mwenyekiti akamnyooshea kidole. Nilijua hesabu yangu ilisema nini. Nilijua pia kwamba sikio la mtu aliyejifunza kusikiliza kitu kidogo vile si kipimo ninachoweza kukiandika kwenye programu, na kwamba yeye ndiye mwenye neno la mwisho, si mimi. Niliangalia kiroba kikipepea. Mashine ilikuwa inasaga, nililiona vumbi la unga likitoka dirishani kwa dada.

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi alitoka na kile kifaa chake mkononi.

"Huyu wa kwanza nimemsikia," alisema. "Ngojeni."

Akaita wa pili, akaita wa tatu. Kila alipotoka alitikisa kichwa kukubali. Baada ya wa tatu alimtazama mwenyekiti.

"Nawasikia wote. Huyu wa mwisho mtoto wake ana haraka kuliko mashine."

"Una hakika?" mwenyekiti aliuliza.

"Mwenyekiti, kazi yangu ni kuwa na hakika."

Mwenyekiti aliwaangalia wajumbe. Akanipa mkono, akanishika kwa mikono miwili, na kuniambia, "Mashine ibaki ilipo. Nenda kamwambie dada yako, mimi nitapita baadaye."

Dada nilimkuta amesimama kando ya kapu la juu la mashine, mweupe hadi kwenye nyusi. Ndani ya chumba kile huwezi kusikia mtu. Nilinyoosha kidole chini, mahali aliposimama, maana yake hapa, hapahapa. Aliniangalia mpaka akaelewa. Hakufanya lolote kubwa. Alimalizia kumimina debe alilokuwa ameshika, akalipangusa kwa kiganja, akanielekeza kwa kichwa upande wa mlango wa mama. Niende nikamwambie mama.

Mama alikuwa macho. Nilimwamkia, nikakaa kando ya kitanda, nikamwambia mashine haihami.

"Ulifanya nini?" aliuliza.

Nilimwambia kwamba moshi ukitoka kwenye injini hutoka kwa pigo, na pigo hilo nimelipitisha kwenye pipa lililo chini ya ardhi ili litoke taratibu, na kwamba kabla ya kulizika pipa nilijua litafanya hivyo, kwa hesabu.

"Hesabu hiyo ulifundishwa na nani?"

"Nilijifundisha, mama."

Alifikiri. Alisema nimsogezee mto nyuma akae, kwa sababu anataka kuisikiliza vizuri. Nilimwinua, nikampangia mto, naye akageuzia sikio upande wa ukuta. Wakati huo dada aliingia na unga hadi kwenye viwiko, akachukua bakuli la uji lililokuwa mezani, akamlisha mama vijiko kadhaa, akamfuta mdomo kwa upindo wa kanga, akatoka. Ng'ambo ya ua debe la mteja lilikuwa bado halijajaa.